Kimbunga Hidaya hakikufika Kisumu: kisa cha boti iliyongoja upepo usio wake

Ijumaa tarehe 3 Mei 2024 Rais William Ruto alilihutubia taifa, akaahirisha kufunguliwa kwa shule zote nchini. Mafuriko ya masika yalikuwa yameshaua zaidi ya watu 200, na Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, ilikuwa bado inafukua maiti kwenye tope la alfajiri ya 29 Aprili. Juu ya hayo kulikuwa na habari mpya: kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilikuwa kinausogelea mwambao wa Afrika Mashariki. Wavuvi wa pwani wakatakiwa wasiingie baharini.

Katika ufuo mmoja wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, boti moja ya kuvua mbuta (sangara) nayo haikutoka. Haikutoka Ijumaa, Jumamosi wala Jumapili. Wiki iliyofuata ikatoka, na usiku huohuo ikajaa maji. Watu wanne walishikilia ubavu wake mpaka kulipokucha. Wote walipona. Injini na nyavu vilikwenda.

Nimewasikiliza wote wanne, na mwenye boti kando, kila mmoja kwa wakati wake. Majina yao na jina la ufuo nimeyaacha, kwa kuwa kisa chenyewe kingeweza kutokea Dunga, Usenge, Sori au kwingineko, na kwa kuwa mwenye boti bado ana deni la watu. Walipoulizwa ilikuwaje, jibu lao lilikuwa moja: "Tulingoja kimbunga kipite. Kilipita. Tukatoka." Hakuna uongo hapo. Shida ni kwamba upepo waliokuwa wakiungoja na upepo uliowapiga havikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyewaambia hivyo kwa lugha ya kazi yao.

Habari ilivyowafikia

Ilianza na simu. Dada wa mwenye boti anaishi Mtwapa, na Ijumaa jioni alimpigia: "Kaka, huku tumeambiwa tusisogee ufuoni. Na ninyi huko mna ziwa. Usiwaruhusu watoto wa watu watoke." Ni dada aliyemtakia ndugu yake mema, na sioni wa kumlaumu hapo. Kisha zikaja picha za WhatsApp. Moja ilikuwa ramani yenye duara jekundu lililoifunika Kenya nzima, Turkana ikiwemo. Nyingine ilikuwa sauti ya mtu asiyejitaja, akidai kwamba kimbunga kingeingilia Mombasa, kipite Nairobi na "kimalizikie ziwani".

Nahodha, mzee wa makamo ambaye ufuoni wote humwita jaduong' (mzee, kwa Kijaluo), hakuiamini ile sauti, lakini pia hakuona sababu ya kubishana nayo. Boti ikavutwa juu. Mabati ya banda la samaki yakawekewa mawe. Akina mama wakaanua nyavu za kuanikia. Kwa siku mbili ufuo ukawa umejiandaa vizuri kuliko nilivyowahi kusikia, kwa jambo lililokuwa linatokea zaidi ya kilomita 700 kutoka kwao.

Jumamosi tarehe 4 Hidaya kiliingia nchi kavu kwenye kisiwa cha Mafia, Tanzania, kikapungua nguvu. Pwani ya Kenya iliguswa na upepo mkali na mawimbi makubwa. Kufikia Jumapili redio zilikuwa zinasema kimeisha. Ufuoni neno likapokelewa hivyohivyo: kimeisha, yaani ziwa limefunguliwa.

Kwa nini kimbunga hakiwezi kufika Kisumu

Kimbunga cha namna ya Hidaya ni mfumo mkubwa wa hewa unaozunguka, wenye upana wa mamia ya kilomita. Wanaoishi magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, kama Wafilipino na Wajapani, hukiita taifuni. Kwenye Atlantiki huitwa hariken. Kwetu Bahari ya Hindi ni saikloni. Majina tofauti, kitu kilekile. Kikifikisha upepo wa kilomita 119 kwa saa kule Pasifiki ndipo hupewa daraja la taifuni kamili.

Chakula chake ni joto la bahari. Maji ya juu yanatakiwa yawe na nyuzi 26.5 hivi au zaidi, tena kwa kina cha kutosha, ili mvuke upande bila kukatika. Mvuke ukigeuka mawingu hutoa joto, joto huinua hewa zaidi, na hewa nyingine hukimbilia kuziba pengo. Kikitoka baharini kikapanda nchi kavu hukatiwa mvuke, kikafifia kama sufuria iliyoipuliwa jikoni: huendelea kutokota kidogo, kisha basi. Ndiyo maana Mafia ilipigwa wakati miji ya bara ilipata mvua tu.

Lakini joto pekee halitoshi. Ili hewa inayokimbilia katikati ianze kuzunguka inahitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia, na msukumo huo kwenye mstari wa Ikweta ni sufuri. Kwa kawaida vimbunga havizaliwi ndani ya nyuzi 5 za latitudo kutoka Ikweta. Kuna kilichovunja desturi, Vamei, kilichojitokeza Desemba 2001 karibu na Singapore, nyuzi moja na nusu hivi kaskazini, na wataalamu mpaka leo wanakitaja kama kioja. Mafia iko karibu nyuzi 8 kusini. Kisumu je? Ukitoka mjini kwenda Busia unavuka kibao cha Ikweta pale Maseno. Tuko mlangoni kabisa.

Weka na milima. Ili kitu kitoke Mombasa kifike Winam lazima kipande nyanda za Mau, zinazopita mita 2,500, kikiwa hakina bahari chini yake. Yule aliyerekodi sauti alikuwa anaeleza safari isiyowezekana.

Hapa wasomaji wengi husimama wakasema, basi tuko salama. Siyo hivyo, kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndogo na wachache huijua: kimbunga kinaweza kubadilisha mvua zetu kikiwa mbali. Vimbunga vinapokaa mashariki ya Madagascar, mara nyingine huvuta upepo wa magharibi kutoka upande wa Kongo kuja kwetu, na siku hizo mvua ya eneo la Ziwa Victoria huwa nzito kuliko kawaida. Ilionekana Machi 2018, wakati wa vimbunga Dumazile na Eliakim, mvua ilipokolea Kenya yote. Kwa hiyo jina la kimbunga kwenye redio linaweza kumhusu mkulima wa Nyando hata kama upepo wake hautamfikia.

Njia ya pili ndiyo iliyowazamisha hawa.

Dhoruba ya ziwa lenyewe

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na lina tabia yake ya kuzalisha mvua. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, hukutana na milima, hupanda, na kufikia saa tisa au kumi alasiri Kericho na Nandi zinanguruma. Wakulima wa chai wa huko wanaijua mvua ya mawe kuliko karibu watu wote duniani. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa linabaki na joto lake, na hewa baridi hushuka kutoka pande zote za ufuo kuelekea majini. Inapokutana huko katikati, juu ya maji yenye joto, hupandishana, na mawingu ya ngurumo hujijenga usiku wa manane hadi asubuhi.

Ndiyo maana ziwa letu huua usiku, saa ambazo mbuta na omena (dagaa) ndipo wanavuliwa. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni kuwa watu kati ya 3,000 na 5,000 hufia katika Ziwa Victoria kila mwaka, kwa nchi zote tatu pamoja. Ni kadirio, na boti nyingi huzama bila kuandikwa popote, lakini hata ukilipunguza nusu ni zaidi ya waliouawa na Kimbunga Idai mwaka 2019 huko Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, ambao walipita 1,000. Tofauti ni kwamba Idai kilipewa jina.

Kuna jambo moja hapa lenye manufaa sana, na ningependa kila ufuo ulijue. Watafiti waliochunguza picha za setilaiti za miaka mingi waligundua kwamba dhoruba kali za usiku juu ya ziwa hutanguliwa mara nyingi na dhoruba kali za alasiri nchi kavu. Yaani ziwa hutoa taarifa mapema, nayo huonekana kwa macho ukiwa umesimama ufuoni: ukiona mawingu marefu meusi yamesimama juu ya Nandi na Kericho saa kumi, na radi inapiga mfululizo, usiku wa leo si wa kuaminiwa.

Siku ile mawingu yalikuwepo. Wote wanne waliyaona. Kijana mmoja wa boti alikumbuka hata rangi yake, "nyeusi chini, juu nyeupe kama pamba". Hakuna aliyeyahesabu kuwa habari, kwa kuwa habari yenyewe, ile ya kwenye simu, ilikuwa imeshasema kimeisha.

Usiku wenyewe

Waliondoka saa kumi na mbili jioni. Mwezi haukuwepo, ilikuwa siku zile za mwandamo, giza la kukata kwa kisu. Botini kulikuwa na nahodha, vijana wawili wa siku zote, na wa nne ambaye kwa kawaida asingekuwepo: mpwa wa nahodha, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyekuwa nyumbani kwa sababu shule hazikufunguliwa mpaka tarehe 13. "Mjomba, nikae tu nyumbani nile bure?" ndivyo alivyomwambia. Tangazo lililotolewa ili kuwalinda watoto na maji likampeleka mtoto mmoja majini. Sisemi lilikuwa kosa kuahirisha. Nasema maonyo yana njia za kichochoro, na ni vizuri kuzifuata mpaka mwisho.

Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwa mawili. Moja lilikuwa limekaliwa na mwendesha injini kama mto, jingine liko chini ya sanduku la barafu. Nahodha alimvalisha mpwa wake lile la kwanza tangu ufuoni, si kwa kuogopa hali ya hewa, ila kwa kuwa kijana hajui kuogelea na mama yake angeuliza. Kabla ya kuondoka alimwambia pia nahodha wa boti nyingine ni upande gani atatega. Mambo hayo mawili, yaliyofanywa kwa mazoea, ndiyo yaliyowaokoa, na nitayarudia.

Walitega nyavu kufikia saa mbili. Radi ilikuwa inamulika mashariki, bila sauti. Saa nne sauti ikaanza kusikika. Ukitaka kujua umbali, hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo kisha gawanya kwa tatu, unapata kilomita. Hakuna aliyehesabu. Karibu saa tano upepo ukafa kabisa, ziwa likalala, na vijana wakafurahi. Dakika chache baadaye ikaja hewa ya baridi kutoka mashariki, baridi ya ghafla ya kumfanya mtu ajikunyate, yenye harufu ya udongo uliolowa.

Hewa hiyo ndiyo dhoruba. Mvua inapoanguka kutoka wingu refu huipoza hewa iliyo chini yake, ikaishusha kwa kasi, na ikifika majini haina pa kwenda ila kutawanyika pande zote. Hukimbia mbele ya mvua yenyewe. Ukishaihisi una dakika, huna saa.

Hapo nahodha alikuwa na chaguo. Boti ilikuwa imefungwa kwenye nyavu upande wa mbele, kwa hiyo nyavu zilikuwa zinaishikilia uso kwa upepo, jambo ambalo katika boti ndogo ni bahati. Wangekaa hivyo, waketi sakafuni, watoe maji kwa kata na kuacha dhoruba ipite, huenda wangelowa tu. Dhoruba moja ya ziwani mara nyingi humaliza ukali wake ndani ya saa moja au mbili. Lakini vijana walitaka nyumbani, na nyumbani kulikuwa mashariki, kulekule upepo ulikotoka. Nahodha akakata kamba. Ananiambia alisitasita kwa sababu ya bei ya nyavu, na alipokwisha kusitasita akakata kwa hasira. Nafikiri alikata kwa sababu injini ilikuwa imeshawashwa na kila mtu anapiga kelele.

Walikwenda kama mita mia tatu wakipanda mawimbi mafupi yaliyosimama, ya namna inayopatikana kwenye ghuba isiyo na kina. Kisha propela ikajifunga kwenye gugumaji. Upepo wa mashariki hulisukuma gugumaji kutoka upande wa Kisumu kuelekea nje, na gizani hulioni mpaka uko ndani yake. Injini ikazima. Boti isiyo na injini wala kitu cha kuishikilia hugeuka ubavu kwa mawimbi, na hii ikageuka. Wimbi la kwanza lilijaza nusu. La pili likamaliza.

Boti ya mbao iliyojaa maji haiendi chini moja kwa moja, ila uzito wa injini huivuta nyuma. Fundisho ambalo wote wanne walilijua, na waliloshika, ni kutoiacha boti. Mmoja alitaka kuogelea kufuata taa aliyoiona ufuoni. Nahodha alimshika shati. Maji ya ziwa huwa karibu nyuzi 25, si ya kuua kwa baridi haraka, lakini mtu aliyelowa usiku mzima huchoka, na taa ya ufuoni ikiwa kilomita nne huonekana kama mita mia nne. Walijifunga kamba kiunoni, wakakumbatia mitungi miwili ya lita 20 iliyokuwa mitupu. Simu zote tatu zilikuwa mifukoni, zote zilikufa. Alfajiri ile boti nyingine, ikijua upande walikotega na isipowaona, ikawatafuta kuelekea upepo ulikosukuma, ikawapata.

Deni

Nimesikia mara nyingi kwamba wavuvi hufa kwa ukaidi. Katika kisa hiki sikuona ukaidi. Niliona hesabu.

Petroli ya wikendi ile ilikuwa imeshachukuliwa kwa mkopo kabla ya tangazo. Barafu iliyeyuka. Mama wa samaki ambaye hununua mbuta wao alikuwa ametanguliza pesa. Siku tatu za kungoja kimbunga zilikuwa siku tatu za deni, na zilipoisha hakuna aliyekuwa na uwezo wa kungoja ya nne. Mwenye boti ananiambia hakuwalazimisha, na nahodha anasema hakulazimishwa, na wote wawili wanasema kweli. Lakini mmoja alimwuliza mwenzake asubuhi, "Jaduong', leo mnatoka?" Na ufuoni swali hilo lina jibu moja.

Hii ndiyo gharama ya onyo lisilo lako. Ufuo una siku chache tu za kukaa bure kwa mwezi. Wakizitumia kwa kimbunga kisichoweza kuwafikia, hawana za kutumia siku ambayo Kericho inanguruma. Kwa hiyo mtu anayesambaza duara jekundu akisema "afadhali kuogopa kuliko kufa" ajue anatumia akiba ya watu wengine.

Maandalizi yanatofautiana kwa muda

Kimbunga hutoa siku. Kituo cha La Réunion hufuatilia vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi tangu vikiwa vichanga, na nchi zinazohusika hupata siku kadhaa za kujipanga. Muda huo ukitumiwa vizuri matokeo huonekana. Bangladesh, wakati huo Pakistan ya Mashariki, mwaka 1970 ilipoteza watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi kwa kimbunga kimoja. Baadaye ikajenga majengo ya kukimbilia na jeshi la wanakijiji wa kujitolea wenye bendera na vipaza sauti, wanaopita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1991 bado walikufa karibu 138,000. Lakini Sidr cha 2007, kimbunga kikali pia, kiliua zaidi ya 3,000. Bado ni wengi mno, ila si laki.

Na siku hizo hazisaidii kama mtu anajiandaa kwa upepo wakati muuaji ni maji. Tacloban, Ufilipino, Novemba 2013, wengi walijua taifuni Haiyan inakuja na walijifungia katika majengo imara karibu na pwani. Bahari ikapanda kwa mita kadhaa ikawafuata ndani. Zaidi ya 6,000 walikufa nchini humo. Dada wa Mtwapa, siku nyingine jina la kimbunga likisikika, jambo lake la kwanza ni kuuliza nyumba yake iko juu ya bahari kwa kiasi gani na njia ya kwenda juu ni ipi. Mabati na chakula cha siku tatu vinafuata. Na upepo ukinyamaza ghafla katikati ya kishindo asitoke nje, maana huenda ni jicho la kimbunga linapita, na nusu ya pili huja kutoka upande wa pili.

Dhoruba ya ziwa haitoi siku. Hutoa alasiri moja kwa anayetazama milima, na dakika kwa asiyetazama. Kwa hiyo karibu kila kitu kinapaswa kuwa kimeshafanywa kabla boti haijagusa maji. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa Ziwa Victoria wa saa 24, wenye nguvu ya upepo, kimo cha mawimbi na uwezekano wa ngurumo. Kazi hiyo iliimarishwa na mradi wa HIGHWAY uliohusisha nchi za ziwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Utabiri huo husomwa kwenye redio za lugha za ziwani. Nilipouliza nani ufuoni aliusikia siku ile, mkono mmoja uliinuka, wa mama mchoma samaki. Alikuwa ameusikia wote. Hakuna aliyemwuliza.

Nikiwa mkali kidogo nitasema hapo ndipo penye kasoro kubwa kuliko ya propela.

Kwenye mkutano wa kamati ya ufuo, wiki mbili baadaye, hawakukubaliana mambo mengi, na ni afadhali. Bendera moja kati ya mbili itatundikwa kwenye mlingoti wa banda la kupimia samaki saa kumi na moja jioni, ya njano au nyekundu, kufuatana na utabiri wa redio na hali ya mawingu upande wa Nandi. Atakayeitundika ni yule mama, kwa kuwa ndiye anayesikiliza. Hakuna jaketi litakalokaliwa. Simu ya nahodha itaingia kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, ifungwe kwenye kiti. Kila boti itataja upande inakotega kwa mtu anayebaki ufuoni. Na mwanafunzi haingii botini usiku, hata shule zikifungwa mwaka mzima.

Jambo lililowagawa ni petroli. Nahodha alipendekeza kwamba usiku wa bendera nyekundu deni la mafuta lisimame na mwenye boti na wavuvi wagawane hasara ya barafu nusu kwa nusu. Mwenye boti alisema yeye hana tatizo, lakini muuza petroli hayumo kwenye mkutano. Mtu akasema aitwe. Akaitwa, akaja, akasikiliza mpaka mwisho, akasema mafuta aliyoyatoa mkononi mwake hayajui rangi ya bendera. Jaduong' akamjibu, "Na wewe ukija kudai kwa mjane utadai nini?" Kikao kikaahirishwa hadi Jumatatu. Jumatatu muuza petroli alikubali sharti moja: boti ikikaa kwa bendera nyekundu atarudishiwa petroli yenyewe ikiwa haijafunguliwa, badala ya pesa. Ndiyo kanuni inayotumika hapo sasa. Mitungi hufungwa mbele yake, na hafungui mtu mpaka bendera ionekane.